Punda wa Sikio Moja

Hamtramck, 5 Oktoba 1986

Dada Salomea,

Tumsifu Yesu Kristu! Najua umeshaitikia hapo jikoni kwako, peke yako, kwa sauti, na paka wako amekugeukia kukutazama.

Sisi wazima. Wifi yako Genia anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi redio hatuisikilizi tena, tunamuuliza yeye. Krysia wetu ameolewa na yule Mwailandi wake. Kijana mwema, ila kabichi chachu anaila kama mtu anayekunywa dawa. Kiwanda cha magari kilishafungwa, unajua. Mimi nashinda kwenye karakana yangu ya uani na patasi zangu, nachonga visanamu vya watakatifu vya kuweka juu ya kabati. Kina mama wa parokia wananunua, wanavifuta vumbi Jumamosi, basi.

Lakini hayo yote ni ya kukuzungusha tu. Dada, kaa chini. Umekaa?

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, Padre Edwin kanishika mkono: "Mzee Błażej, wazee wananiambia vijijini kwenu Poland kulikuwa na Yesu wa Matawi, amepanda punda wa mti mwenye magurudumu, na watu wanamvuta barabarani. Unaweza kututengenezea?" Naweza! Nusura nimbebe Padre mzimamzima! Jumapili ya Matawi mwakani tutamvuta mtaa mzima, kuanzia dukani kwa Ziemowit muuza nyama mpaka mlango wa kanisa. Dada, miaka yote hii hapa Amerika nimekuwa mtu wa kufunga bawaba za milango ya magari. Hakuna aliyejua kwamba mimi ni mjukuu wa Melchior Rusin, mchongaji wa Krzywodół. Sasa watajua!

Gogo ninalo. Jirani alikata mti wake wa lindeni, ule ambao maua yake tunayachemsha kama chai, miaka mitatu iliyopita, nikauomba, umekaukia kibandani kwangu taratibu, haukupasuka hata kidogo. Kama ulikuwa unanisubiri.

Nataka awe sawasawa na wa Babu. Kwa hiyo nisaidie. Nenda kanisani ukampime Yesu wetu: kimo, kifua, mguu unaning'inia mpaka wapi, mkono wa baraka umeinuka kiasi gani. Na picha, Dada, hasa ya uso. Mwili naukumbuka, uso unanikimbia. Nikifumba macho namwona mpaka kidevuni, halafu basi.

Yeye mwenyewe hajambo? Bado mnamvuta? Mpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Błażej


Krzywodół, 2 Novemba 1986

Błażej wee,

Milele, amina. Na paka hakugeuka. Alikufa Agosti, kwa hiyo acha kujifanya nabii.

Barua yako ilikaa posta kwa sababu mleta barua alikuwa anavuna viazi. Sisi tumeshavuna, namshukuru Mungu, na ng'ombe kazaa jike. Jana na leo tumekuwa makaburini. Kaburi la Mama na Baba limewaka mishumaa kama harusi, la marehemu Tadek wangu pia, na mshumaa mmoja nimewasha kwa jina lako, ingawa u hai, maana mtu aliyekwenda mbali hivyo huwezi jua umweke wapi. Kila mtu pale makaburini aliniuliza, Błażej anakuja lini? Mimi nami nauliza. Kiwanda kimefungwa, binti kaolewa. Kisingizio kimebaki kipi?

Habari ya kazi yako imenifurahisha mpaka nikamwaga maziwa. Nilikimbia kwa jirani Rozalia, ambaye siku hizi haoni ila mwanga na kivuli, nikamsomea barua yote. Kapiga makofi. Kasema, "Yule mtoto wa kamasi? Yule aliyekuwa analala chini ya meza ya Babu yake, kwenye vumbi la mbao?" Nikamwambia ndiye huyo huyo, ila kamasi sina habari nazo.

Kuhusu vipimo. Ufunguo wa kikanisa cha pembeni anao mtunza sakristia, naye ana mafua. Halafu baridi imeanza mapema. Kimo unakijua mwenyewe: Mama akisimama kwenye ngazi ya kanisa, kichwa cha Yesu kilimfika begani. Mkono wa baraka ulikuwa juu kidogo ya sikio. Picha hakuna, nani kijijini ana kamera?

Tuna Padre mpya, Padre Ryszard, kijana, kasomea Krakow. Anataka mambo ya kanisani yawe kimya kimya na safi. Tunamzoea.

Umeniuliza kama yeye hajambo. Błażej, kula vizuri na vaa soksi za sufu. Nimeanza kukufumia jozi.

Dada yako,
Salomea


Hamtramck, 30 Novemba 1986

Dada,

Tumsifu! Nimekuuliza uso, umenijibu soksi!

Haya, pole kwa paka. Genia anashukuru kwa salamu ambazo hukumpa. Krysia ni mjamzito, na Mwailandi ananunua ndizi kutwa kana kwamba mtoto atazaliwa nyani. Basi, sasa sikia.

Punda amekwisha! Dada, ni punda kweli, anasimama uani, na mbwa wa jirani anambwekea. Magurudumu nimechonga mwenyewe, manne, na mhimili wa chuma kanipa rafiki wa kiwandani. Nilipomsukuma mara ya kwanza akatembea peke yake mpaka kwenye uzio, Genia akapiga ishara ya msalaba.

Bila shaka nimemchonga na sikio moja. La kulia limesimama, la kushoto ni kigutu tu, kama wetu alivyokuwa tangu siku alipoangukia kijitoni, kabla hata sijazaliwa. Sikufikiria mara mbili. Wee! Kamati ya parokia imekuja kumwona, ikiongozwa na Bi Halszka, yule anayepanga maua ya altare na maisha ya watu. Kazunguka punda mara moja, kazunguka mara mbili.

"Mzee Błażej, sikio jingine liko wapi?"

"Halipo."

"Najua halipo, naliona halipo. Litakuja lini?"

"Haliji. Punda wa Jumapili ya Matawi ana sikio moja."

"Nani kasema? Unafikiri Bwana wetu angechagua kumpanda punda kilema?"

"Bi Halszka," nikamwambia, "angemchagua huyu huyu, na wazima wote angewaacha."

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Kapeleka shitaka kwa Padre. Padre kacheka mpaka kashika ukuta, kwa hiyo sikio limebaki lilivyo, yaani halipo.

Mpandaji sasa. Mwili umetoka kwenye gogo, joho limekunjika vizuri, mgongo nimeutoboa ndani kama Babu alivyofanya ili mti upumue usipasuke. Mkono wa baraka uko juu kidogo ya sikio, ahsante kwa hilo. Lakini uso, Dada! Nimechora mkaa kwenye mti, nikafuta, nikachora. Kila nikimaliza naona sura ya msimamizi wangu wa zamani wa zamu. Yesu gani huyo, anayeingia Yerusalemu akitaka kujua nani kachelewa kazini?

Mafua ya mtunza sakristia hayajaisha tu? Nakuomba, mtu mmoja tu mwenye kamera, picha moja. Natuma kifurushi cha kahawa na chokoleti. Kahawa mpe mwenye kamera.

Lile swali lako nimeliona. Tutaongea.

Błażej


Krzywodół, 27 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Milele, amina. Ndani ya bahasha kuna kipande cha mkate wetu wa Noeli. Nimevunja upande mmoja, wewe vunja mwingine na wifi yangu, na mtoto aliye tumboni mtakieni mema pia. Kahawa imefika. Sikumpa mtu. Nimeinywa mwenyewe, yote ya wiki ya kwanza, nikiwa natafuta namna ya kuandika barua hii.

Usiku wa Noeli tuliweka mezani sahani ya mgeni asiyetarajiwa, kama kila mwaka. Rozalia alikaa karibu nami. Akasema, "Mwambie. Mtu anachonga gizani kwa sababu yako." Basi nakwambia.

Hayupo, Błażej. Yesu wetu ameibiwa.

Ilikuwa majira ya machipuko, mwaka juzi. Walivunja dirisha la kikanisa cha pembeni. Wameshapita vijiji vingi, wanachukua watakatifu wa zamani wanawauza huko mbali kwa watu wenye nyumba kubwa. Punda hawakumweza, mzito na mguu wake ulikwama mlangoni, wakamwacha. Mpandaji walimng'oa na msumari wake. Asubuhi tulimkuta punda amesimama peke yake, mgongo wazi, na tundu la msumari.

Sikukuambia kwa sababu katika kila barua, miaka yote hii, ulikuwa unaandika, "Angalau yeye bado anatembea." Ningeandika nini?

Mwaka jana na mwaka huu wanaume wamemvuta punda mtupu. Walitembea na kofia mkononi, kama msiba. Sasa Padre Ryszard katangaza: mwaka wa tatu hapana. Anasema punda mtupu ni kichekesho, na hata zamani ilikuwa michezo ya watoto tu. Kama mpandaji hayupo Jumapili ya Matawi, punda anakwenda ghalani, matawi yatabarikiwa mlangoni, na desturi imekwisha. Kasema hivyo mbele ya watu wote. Mpandaji hatuna.

Unaniomba picha. Sina, hakuna mwenye nayo. Waliobaki tulimwona barabarani tu, kwa mbali, kwenye umati. Wewe na Babu ndio mlikuwa mnamwosha kila mwaka kwa sabuni na brashi. Hakuna mkono mwingine ulio hai uliomgusa kila mahali. Picha ni wewe.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini andika.

Salomea


Hamtramck, 18 Januari 1987

Salomea,

Tumsifu Yesu Kristu, na leo naandika jina lako bila "Dada" kwa sababu nina hasira.

Miaka miwili! Miaka miwili nawaambia watu hapa, kwetu yupo, kwetu anatembea, na wewe unaniandikia habari za ndama! Nilisoma barua yako nimesimama uani, nikaingia karakanani, nikalia kama mtoto, na Genia akaja akadhani nimejikata kidole.

Haya. Hasira zimekwisha. Dada yangu, umebeba jambo hilo peke yako kunihurumia. Mjinga wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Mpandaji anakuja kwenu.

Usidhani nilipata wazo hili nikiwa mtakatifu. Nililikataa usiku kucha. Nilitaka wa kwangu, mtaani kwangu, watu wanyooshe kidole waseme huyo ndiye aliyechonga. Nikajaribu kufikiria kuchonga wawili. Haiwezekani. Gogo ni moja, na mti mbichi ukiuchonga leo, Pasaka umeshapasuka kutoka paji la uso mpaka kitovuni. Kwa hiyo mmoja, na mahali pa kumpeleka ni pawili. Asubuhi nikaenda kwa Padre Edwin, nikamwambia nimemdanganya, Jumapili ya Matawi hatapata alichoagiza. Kaniambia nikawaambie watu mwenyewe.

Nikawaambia, ukumbini, baada ya Misa, na donati za jam mkononi kila mtu. Nikasoma barua yako, mahali pa tundu la msumari. Halafu nani akasimama? Bi Halszka! Nikajisemea, haya, nimekwisha.

Kasema, "Mimi natoka kijiji kilichokuwa ng'ambo ya mlima wa kwao. Yesu wetu alichomwa moto wakati wa vita, na hatukumpata mwingine. Ampeleke." Halafu kasema, "Na sisi tutamvuta punda wetu mtupu, mwaka huu mmoja. Kamba nitashika mimi." Akakaa, akamalizia donati yake.

Ziemowit muuza nyama anasafiri kwa ndege kuja huko kumwona mama yake kabla ya Pasaka. Atambeba. Basi sasa nipe kipimo kimoja tu, na safari hii mafua ya mtu sitaki kuyasikia: mgongo wa punda wenu. Nimemkalisha kwenye punda wangu, lakini huyu nimemchonga kwa kumbukumbu, huenda kanenepa. Pima upana wa mgongo, paja hadi paja. Asipokaa sawa ataanguka mbele ya Padre wenu, na hapo ndipo tutakuwa kichekesho kweli!

Na uso bado. Nimempa macho tu. Ananitazama ananisubiri.

Błażej


Krzywodół, 8 Februari 1987

Błażej, mdogo wangu, roho yangu,

Milele na milele! Barua yako nimeisoma kanisani kwa wanaume wa kamba, nimeisoma kwa Rozalia, nimeisoma kwa ng'ombe. Rozalia kanibusu mikono kana kwamba mchongaji ni mimi. Sikukataa.

Nilimwambia Padre Ryszard. Kajibu, "Tutaona akifika." Uso haukusogea. Lakini hajasema hapana tena.

Kipimo kimo humu ndani. Nilikwenda mwenyewe, nikapanda kigoda, mtunza sakristia akanishikia taa. Utaona uzi wenye mafundo mawili. Kutoka fundo hadi fundo ndio upana wa mgongo, paja hadi paja. Sikuwa na kamba nyembamba, kwa hiyo nimefumua soksi yako. Ya pili, siyo ya kwanza.

Sasa uso. Lipo jambo ambalo Mama alituapisha tusikwambie, na wote walioapa wamekufa isipokuwa mimi.

Babu alikuwa na ndugu, Wincenty. Alikwenda huko huko uliko, kwenye machimbo ya makaa, kabla Baba hajazaliwa. Hakurudi na hakuandika hata mara moja. Babu akamngojea, akachoka, ndipo akachukua gogo. Alisema, kama Wincenty hawezi kurudi kwa miguu, basi atarudi kwa punda, mara moja kwa mwaka, na kijiji kizima kitatoka kumpokea. Uso ule ulikuwa wa Wincenty.

Nawe ukazaliwa, ukakua, na kila mwaka ukazidi kufanana naye. Pua ile, nyusi zile, lile shavu lenye kishimo upande mmoja tu. Mama akaogopa. Akasema mtoto asiambiwe, akijua atafuata njia ile ile. Tukanyamaza. Na wewe ukaenda vile vile.

Ndiyo sababu uso unakukimbia, mpumbavu wee. Mtu haoni uso wake mwenyewe. Mwombe wifi yangu kioo.

Salomea

Na unakuja lini? Hukujibu tena.


Hamtramck, 15 Machi 1987

Dada!

Tumsifu, tumsifu, tumsifu! Amekwisha!

Nilisoma barua yako kwa sauti, na Genia akaenda akang'oa kioo cha chumbani ukutani pamoja na msumari wake. Amekishika mbele yangu jioni baada ya jioni. "Tulia! Usikunje uso, unachonga Yesu, siyo mtu mwenye jino bovu!" Krysia alikuja na tumbo lake, akasimama mlangoni, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Baba, huoni haya hata kidogo?" Naona! Nilikwenda kuungama, Dada, kabisa. Nikamwambia Padre nimempa Bwana pua yangu. Kasema Bwana ameshavumilia makubwa zaidi.

Na sasa namkumbuka mzima! Kishimo cha shavuni, brashi ilikuwa inateleza ikiingia humo, na Babu ananiambia, "Hapo taratibu, anatekenywa." Kumbe alikuwa ananitazama mimi alivyosema hivyo.

Uzi wako ulifika salama. Niliuvuta ukakazika kama waya, nikapima fundo hadi fundo, nikafungua mapaja kwa kipimo hicho hicho. Kwa punda wangu sasa anapwaya, kumbe wenu ndiye mnene. Wa kwetu nitachonga mpandaji mwingine mwakani, Mungu akipenda. Bi Halszka ameshaniletea gogo. Kanipa sharti moja: uso wa mwanamume mwenye pua ndogo.

Ziemowit anaondoka wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Sanduku nimejaza vumbi la mbao na magazeti. Mlipokee kama mgonjwa, taratibu.

Kuja kwangu, basi, tutaandikiana.

Błażej wenu

Wifi, ni mimi Genia, naongeza hapa chini, yeye ameenda kutafuta gundi. Haji kwa sababu moyo wake haumruhusu. Daktari alimkataza kupanda ndege toka mwaka ule kiwanda kilipofungwa. Hataki ujue, anasema utalia. Mimi nasema ni afadhali ulie kuliko kumkasirikia. Usimwambie nimekwambia.


SIMU YA MAANDISHI
Krzywodół, 12 Aprili 1987

AMEKETI. KOTI LA BABA. BARUA YAJA. SALOMEA


Hamtramck, 12 Aprili 1987

Dada,

Koti la Baba limefanya nini?

Simu yako imefika alfajiri, Padre Edwin kaisoma kabla ya maandamano. Alipofika kwenye "ameketi" watu wakapiga kelele mpaka njiwa wakaruka. Kisha tukamvuta punda wetu, mgongo wazi. Bi Halszka mbele na kamba, kofia yake ya maua, hakugeuka nyuma hata mara moja. Watu wasiojua walikuwa wanauliza njiani, "Mbona hana mtu?" na wazee wanajibu, "Katangulia nyumbani." Nilitembea nyuma, Genia kanishika mkono. Hakuna aliyeninyooshea kidole, na sikutaka.

Lakini koti, Dada! Umefanya uchoyo wa maneno! Nitakaaje wiki tatu bila kujua?

Błażej


Krzywodół, 13 Aprili 1987

Mdogo wangu,

Milele, amina. Jana nilikuwa sina nguvu hata ya kushika kalamu, sauti imenikauka kwa kuimba.

Ziemowit wako alifika Jumamosi jioni, tumeshakata tamaa. Walimzuia uwanja wa ndege. Ofisa kamuuliza, "Sandukuni kuna nini?" Kamjibu, "Yesu." "Ana pasipoti?" Akafunua magazeti, akakuta uso unamtazama. Ziemowit anasema yule mtu alivua kofia, akarudisha magazeti mwenyewe, karatasi moja moja, akamwambia aende. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka, na la kuja huku kwetu ni moja kwa wiki.

Asubuhi ya jana kijiji kizima kiko uani kwa kanisa na matawi yake. Wanaume wakamwinua, wakamweka juu ya punda. Akaserereka! Mapaja mapana mno, mgongo mwembamba. Akainamia kushoto, wakamdaka. Wakamweka tena, akainamia kulia. Błażej, uliuvuta ule uzi! Uzi wa sufu, wa soksi! Mtoto wa kijijini wewe, umesahau kwamba sufu inavutika? Na Padre Ryszard huyo anatoka sakristia na mavazi yake mekundu chini ya joho la baridi, anatutazama tunavyohangaika, wengine wameanza kucheka. Nilimwona anafungua mdomo kusema, nami nilijua atasema nini.

Nikakimbia nyumbani. Nina miaka yangu, lakini nilikimbia. Nikavuta lile koti la Baba la ngozi ya kondoo, lililoning'inia nyuma ya mlango tangu azikwe. Nikarudi, nikalikunja, nikalitandika juu ya mgongo wa punda. Wakamshusha juu yake. Akakaa tuli, kama aliyezaliwa hapo.

Padre alikuwa na kitabu cha Injili mkononi, kimeshafunguliwa. Akaangalia koti. Akaangalia kitabu. Kisha akasoma, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Akafika mahali wanafunzi walipotandika mavazi yao juu ya punda, naye akaketi juu yake. Alisahau kuendelea. Halafu, Błażej, akakifunga kitabu, akavua joho lake la baridi, lile zuri jeusi, akalitandaza barabarani kwenye matope mbele ya magurudumu. Basi ikawa fujo! Makoti, shali, mpaka aproni! Wanaume wakavuta kamba, na punda wa sikio moja akapita juu ya nguo za kijiji kizima. Padre ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote.

Tulisimama mlangoni kwa Rozalia, maana hawezi tena kutembea mpaka kanisani. Akaomba aguse. Wakamsogeza. Akapapasa mkono wa baraka, akapapasa ndevu, akafika shavuni, kidole chake kikaingia kwenye kile kishimo, kikakaa humo. Habari ya uso hatukuwa tumemwambia. Akasema, "Ni Błażej wa kwa kina Rusin. Umechelewa, mwanangu. Lakini umekuja."

Nililia, ndiyo. Nililia mbele ya watu na sikujifuta.

Kwa hiyo sitakuuliza tena unakuja lini. Umeshakuja. Umepita mlangoni kwetu, umekalia koti la Baba, nimekuona kwa macho yangu, na mwakani nitatoka tena kukupokea. Wewe kaa na wifi yangu, kula vizuri, usibebe magogo peke yako, mpokee mjukuu.

Soksi nimempa Ziemowit akuletee. Moja ni fupi kuliko mwenzake, na unajua uzi wake ulikwenda wapi.

Dada yako,
Salomea